Nimebadilisha mipira ya mafuta kwenye pikipiki ya zamani, sasa inazima kila baada ya dakika kumi

#1 MpandaPolepole
Habari wakuu. Pikipiki yangu ni ya mwaka 1988, cc 250, silinda mbili, kabureta mbili. Mipira ya mafuta niliyoikuta ilikuwa imekauka kama kijiti. Ukiikunja kidogo unaona nyufa, na pale klampu inapobana palikuwa na unyevu usioisha hata nikifuta mara ngapi. Sikutaka kusubiri mpaka ianze kudondosha juu ya injini. Nikanunua mpira ule mwangavu unaoonyesha mafuta yakipita, nikabadilisha yote: kutoka koki (bomba la kufungulia mafuta chini ya tanki) hadi kiungo cha T, na kutoka T hadi kila kabureta. Katikati nikaongeza filta ndogo ya karatasi, maana haikuwa nayo.

Inawaka vizuri na slow (mngurumo wa injini bila kuvuta mafuta) imetulia. Lakini nikiendesha dakika nane hadi kumi inapoteza nguvu, inakohoa, inazima. Nikisimama kama dakika tano inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Kabla ya kugusa mipira haikuwahi kufanya hivi hata siku moja. Nimekosea wapi? Natanguliza shukrani.

#2 Gololi
Mpira wako ni mpana kuliko kidomo cha koki, ile ncha inayovikwa mpira. Unavuta hewa. Pima upya.

#3 FundiWaZamani
Gololi, hapo sikubaliani nawe. Hiyo pikipiki haina pampu, mafuta yanashuka yenyewe kutoka kwenye tanki. Katika mfumo wa namna hiyo mpira ukilegea hauvuti hewa, unavujisha petroli nje. Angekuwa ameshaona tone au amesikia harufu.

Mwenye uzi, ikizima tu, kabla hujafanya lolote, fungua kifuniko cha tanki na utege sikio. Ukisikia inavuta "fyuuu", ujue kipumulio cha kifuniko kimeziba. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, mwisho tanki linayashikilia mafuta yasishuke. Ukisimama dakika tano hewa inajipenyeza kidogokidogo na inawaka tena. Dalili zako ni zilezile.

#4 Gololi
Nimekuelewa mzee, hapo nimekosea. Ila ukubwa wa mpira bado nataka autaje.

#5 Sindano
Wakuu mmesoma "mpira mwangavu" mkapita? Hapo ndipo penye shida yote.

Mipira mingi myangavu ni PVC. PVC inakuwa laini kwa sababu imechanganywa na kilainishi, na petroli inakifyonza kile kilainishi taratibu. Mwanzoni, ikipata petroli pamoja na joto la injini, inalegea zaidi. Baadaye inageuka ngumu, inasinyaa na kuchomoka kwenye vidomo. Wewe uko kwenye hatua ya kwanza. Injini ikipata moto, mpira unalainika, na popote ulipoupinda unajibana na kufunga njia. Ikipoa unarudi. Inua tanki uangalie mikunjo ilipo.

#6 Mkoba_wa_Spana
Mimi naishuku filta. Tuseme mafuta kwenye tanki yako juu ya kabureta kwa sentimita 30. Kimo hicho cha petroli kinasukuma kwa baa 0.02 tu. Filta nyingi za karatasi zimetengenezwa kwa ajili ya magari yenye pampu, na pikipiki za sindano za kielektroniki, zisizo na kabureta, zinasukuma karibu baa 3, yaani zaidi ya mara mia moja. Ukiiweka filta hiyo chini ya tanki lisilo na pampu, kiputo kimoja cha hewa kikikaa juu ya karatasi kinatosha kukatisha mtiririko. Slow itakuwa nzuri kwa sababu slow inakunywa kidogo.

#7 MpandaPolepole
Asanteni wote. Najibu kwa pamoja.

Gololi: kidomo cha koki nimepima kwa kaliba, milimita 7 kwa nje. Mpira niliambiwa ni wa "robo inchi", nikachukulia ni milimita 6.

Mzee FundiWaZamani: nimejaribu leo mara mbili. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Mara ya pili nilisikia, lakini kidogo sana, na sina hakika kama ni tanki au ni masikio yangu baada ya upepo wa njiani.

Sindano: tanki likiwa limeinuliwa mipira imenyooka vizuri. Likikaa mahali pake sioni, pamebana.

#8 BintiGereji
Robo inchi ni milimita 6.35, si 6. Ndiyo maana iliingia kwenye kidomo cha 7 bila taabu. Saizi hiyo inafaa, mpira unatakiwa uwe mdogo kidogo kuliko kidomo ili ujishike wenyewe. Tatizo huja kwa wanaochukua 5/16, ambayo inakaribia milimita 8, halafu wanategemea klampu iwaokoe.

Umetumia klampu gani? Zile za kukaza kwa bisibisi zenye matundu kwenye mkanda zinakata mpira laini, unaona raba inatokeza kwenye matundu kama nyama. Kwa mpira mdogo wa kabureta, klampu za waya zenye springi ni bora. Zinabana duara lote kwa nguvu ileile, na mpira ukisinyaa zinaufuata.

#9 MpandaPolepole
Nimetumia za bisibisi, dada. Na ndiyo, inatokeza kwenye matundu.

#10 Mwendokasi88
Kuhusu filta, wala msiisingizie. Pikipiki inayokunywa lita 3 kwa kilomita 100, kwa mwendo wa 60, inahitaji mililita 300 kwa dakika. Filta yoyote inapitisha hizo.

#11 Mkemia
Mwendokasi88, rudia hesabu. Kwa mwendo wa 60 kilomita 100 zinachukua saa moja na dakika arobaini, yaani dakika 100. Lita 3 ni mililita 3,000. Gawanya kwa 100, unapata mililita 30 kwa dakika, si 300.

#12 Mwendokasi88
Ni kweli, nimezidisha mara kumi. Asante kaka. Lakini hiyo inanisaidia mimi: kama anahitaji 30 tu, filta ina kosa gani?

#13 Sindano
Na mimi nina swali kwa Mkoba_wa_Spana. Kama filta inabana, kwa nini isubiri dakika kumi? Vikombe viwili vya kabureta, tuseme kila kimoja kina mililita 40, ni 80 kwa jumla. Injini inakunywa 30. Hazifiki hata dakika tatu.

#14 Mkoba_wa_Spana
Dakika tatu ni kama filta imeziba kabisa. Yangu mimi ni kwamba inapitisha, ila haitoshi. Chukua injini inakunywa 30, filta inapitisha 24. Kila dakika unapungukiwa mililita 6. Una akiba ya 80 kwenye vikombe. Gawanya: dakika kumi na tatu. Akikaza mwendo kidogo, ni kumi au nane. Ameandika nane hadi kumi.

#15 Sindano
Hesabu nzuri, naikubali. Lakini ukibadilisha neno "filta" ukaweka "mpira uliojikunja" inatoka jibu lilelile.

#16 FundiWaZamani
Na ukiweka "kipumulio" pia inatoka lilelile, wanangu.

#17 Kaka_Plagi
Mbona hakuna aliyesema umeme? Koili ya zamani ikipata joto inakatika ndani, cheche inapotea, ikipoa inarudi. Nimewahi kufukuzia mafuta wiki tatu, nikafungua kabureta mara nne, kumbe ni koili. Kubadilisha mipira na koili kufa wiki moja inaweza kuwa sadfa tu.

Namna ya kutenganisha ni rahisi. Ikizima, usipige stata tena. Funga koki, fungua skrubu ya kumwagia chini ya kikombe cha kabureta, angalia kinachotoka. Kikombe kikiwa kimejaa, acha mafuta, nenda kwenye umeme. Kikiwa kitupu au robo, umeme hauna kosa.

#18 BintiGereji
Kipimo cha Kaka_Plagi ndicho kipimo. Nakuomba tu MpandaPolepole ukifanye kwa adabu, kwa sababu injini itakuwa ya moto. Swichi iwe imezimwa, kipande cha mpira mrefu kivishwe kwenye kidomo cha kumwagia, chupa inayostahimili petroli iwekwe mbali na injini, nawe uwe nje, si ndani ya chumba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kwenda kutafuta cheche ambayo wewe huioni.

Nasema hivi kwa sababu nilishuhudia. Mteja aliacha pikipiki yake ikitoa tone moja moja kwenye kiungo cha T, akasema ataitengeneza mwisho wa wiki. Siku moja alifika, akainua kiti, akafungua terminali ya betri huku swichi ikiwa imewashwa. Cheche ndogo tu, ya ukubwa wa punje ya mchele. Moto ulipita chini ya tanki kwa sauti ya kitambaa kinachokung'utwa. Tulikuwa na kizimamoto cha poda hatua mbili kutoka pale, ndicho kilichoiokoa. Nyusi zake ziliungua, pikipiki ikabaki na nyaya zilizoyeyuka. Sijawahi kuambiwa tena "kinadondosha kidogo tu" nikanyamaza.

#19 Mwendokasi88
Pole sana dada. Mimi siku zote nilidhani hatari ni ekzosti.

#20 Mkemia
Zote mbili, ila kwa namna tofauti. Petroli inajiwasha yenyewe bila cheche kuanzia nyuzi 250 hivi, na bomba la ekzosti karibu na kichwa cha silinda linaweza kupita hapo. Lakini tone likiangukia chuma cha moto mara nyingi linafuka na kusambaa kabla halijawaka. Cheche haihitaji joto hilo. Mvuke wa petroli unashika hata kukiwa na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri.

#21 Gololi
Nirudi kwenye mada ya mipira, maana mwenye uzi itabidi aivue hiyo myangavu hata kama siyo chanzo. Aweke gani? Mimi naona silikoni, inavumilia joto sana.

#22 Mkemia
Silikoni ya kawaida usiiguse kwa petroli, mkuu. Joto inavumilia kweli, lakini petroli inaivimbisha na mvuke unapita kwenye ukuta wake. Hiyo ni ya maji ya kupoozea.

Kwa petroli tafuta raba iliyoandikwa ubavuni SAE J30R7 au J30R9. R7 ni ya shinikizo dogo, imetengenezwa kwa ajili ya kabureta. R9 ni ya mifumo ya sindano za kielektroniki, na ndani ina bitana ya raba ya florini, ile inayoandikwa FKM, ambayo ethanoli haiisumbui. Mimi nashauri R9 hata kwa kabureta. Petroli ya siku hizi katika nchi nyingi ina ethanoli. Uingereza, kwa mfano, E10 (yenye ethanoli hadi asilimia 10) ndiyo imekuwa petroli ya kawaida tangu Septemba 2021, na walitahadharishwa hasa wenye vyombo vya kabla ya 2002. Raba iliyotengenezwa 1988 haikufikiriwa kwa mafuta hayo.

#23 FundiWaZamani
Mkemia, kwa maabara uko sahihi. Kwa pikipiki hii mimi namwekea R7. R9 ina ukuta mnene na mgumu. Kutoka koki hadi T kwenye injini ya silinda mbili unaweza kuwa na nafasi ya kiganja tu, na mpira mgumu ukilazimishwa kupinda pale unajikunja au unasukuma kidomo cha kabureta mpaka kilegee. Vidomo vingi vya kabureta za zamani vimepigwa tu kwenye mwili wa kabureta, havina nyuzi za skrubu. R7 nzuri, ibadilishwe kila miaka 4, inatosha.

#24 Mkemia
Mzee, watu wangapi wanabadilisha kila miaka 4?

#25 FundiWaZamani
Wanaosoma kitabu. Cha Suzuki yangu kimeandika hivyo, mpira wa mafuta miaka 4, iwe umetembea au umelala. Nami nafuata.

#26 MpandaPolepole
Wakuu, nimerudi na vipimo. Nimefuata maelekezo ya dada BintiGereji, nje kabisa, swichi imezimwa, kizimamoto pembeni.

Ikiwa ya baridi, koki wazi, tanki mahali pake, nikafungua skrubu za vikombe kila kimoja kwa dakika moja. Kushoto mililita 150, kulia 140.

Nikaendesha. Ikazima dakika ya tisa. Nikafunga koki papo hapo, nikamwaga vikombe: kushoto kilikuwa kama nusu, kulia matone tu. Kwa hiyo Kaka_Plagi, nadhani koili haina kosa. Nikafungua koki tena nikapima dakika moja bado ikiwa ya moto: kushoto 60, kulia 20.

Kifuniko sikukifungua mpaka mwisho. Nilipokifungua kulikuwa na mlio mdogo.

#27 Sindano
Kulia 20! Kifuniko kikiziba kinanyima pande zote mbili sawa. Filta pia iko kabla ya T, ingenyima zote sawa. Tofauti ya kushoto na kulia inatoka baada ya T. Mpira wa kulia umejikunja.

#28 FundiWaZamani
Taratibu. Msukumo ukiwa mdogo kwa sababu ya kifuniko, hata tofauti ndogo ya urefu wa mipira inajitokeza. Upande wenye njia ndefu unapata mabaki. Mlio ameusikia mara mbili sasa.

#29 Mkemia
Nichangie hesabu ya kifuniko. Msukumo wa mafuta ni baa 0.02, na hewa ya kawaida ni baa 1. Kwa hiyo hewa iliyo juu ya mafuta ikipungua asilimia 2 tu, mafuta yanasimama. Tanki lako lina hewa kiasi gani?

#30 MpandaPolepole
Tanki ni lita 12, lilikuwa nusu.

#31 Mkemia
Basi hewa ni lita 6, asilimia 2 yake ni mililita 120. Injini ikinywa 30 kwa dakika, dakika nne. Ongeza vikombe, dakika sita na kitu. Ongeza kwamba petroli inatoa mvuke unaojaza sehemu ya pengo, na kifuniko kinapenyeza kidogo. Dakika tisa inawezekana kabisa. Na hapa kuna kipimo kizuri: tanki likijazwa, hewa inakuwa kidogo, kwa hiyo itazima mapema zaidi. Kama ni mpira kujikunja, tanki likijaa msukumo unaongezeka, itazima kwa kuchelewa.

#32 Mkoba_wa_Spana
Hicho kipimo nimekipenda. Ila msisahau mafuta kugeuka mvuke. Sehemu nyepesi za petroli zinaanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40. Mpira wa kulia unapita wapi? Kama umelala juu ya kichwa cha silinda, mafuta yanachemka humo ndani, mvuke unapanda kinyume na mafuta yanayoshuka, na njia inazibwa na hewa yake yenyewe. Mpira mwangavu una ukuta mwembamba, joto linaingia haraka.

#33 Mwendokasi88
Mwangavu si ungemwonyesha viputo?

#34 MpandaPolepole
Ulikuwa unaonyesha wiki ya kwanza. Sasa umekuwa rangi ya asali, huoni kitu ndani.

#35 Sindano
Rangi ya asali ni kilainishi kinaondoka. Vua leo.

#36 BintiGereji
Wakati wa kuvua usivute. Mpira uliokauka ukiuvuta unakuja na kidomo. Uchane kwa wembe kwa urefu, polepole, bila kugusa shaba ya ndani. Mkwaruzo mmoja kwenye kidomo ni njia ya kuvuja milele. Halafu uubandue kama ganda. Kiungo cha T kama ni cha plastiki cha miaka hiyo, kishike kwa vidole unapovua, usikitumie kama mpini. Vikikaa miaka thelathini vinavunjika kama biskuti, na vile vya katikati ya kabureta vina oringi (pete za raba za kuziba) ambazo nazo zimekauka.

Mpira mpya ukikataa kuingia, chovya ncha yake kwenye maji ya moto sekunde chache, ufute, usukume kwa kuzungusha. Kata urefu tanki likiwa mahali pake kwa makisio, si likiwa limeinuliwa. Watu wengi wanakata mrefu ili iwe rahisi kuunganisha, tanki likishuka ule urefu wa ziada lazima upate pa kwenda.

Na mipira ya zamani, ile uliyotoa mwanzo, kama hujaitupa ipasue uone ndani.

#37 Rizevu
Samahani kuingilia. Yangu koki yake haina sehemu ya kufunga, imeandikwa ON, RES na PRI. Inasumbua kidogo kuwaka asubuhi. Uzi huu unanihusu?

#38 FundiWaZamani
Karibu. Yako ni koki ya vakyumu. Nyuma yake kuna mpira mwembamba unaokwenda kwenye manifoldi, njia ya hewa ya kuingia injini. Injini ikivuta, diaframu (kiwambo chembamba ndani ya koki) inafunguka, mafuta yanashuka. Mpira ule ukipasuka, mafuta hayashuki vizuri na silinda inayounganishwa nao inapata hewa ya ziada. Weka PRI uendeshe. Ikiwa nzuri, tatizo ni mpira ule au diaframu. Usiiache PRI ukilala, hapo hakuna kinachozuia mafuta isipokuwa sindano za boya, zile zinazofunga mafuta kikombe cha kabureta kikijaa.

#39 Kaka_Plagi
Na uvue ule mpira mwembamba, unuse. Ukikuta petroli ndani yake, diaframu imetoboka, injini inanywa mafuta kupitia huko.

#40 Rizevu
Nimenusa. Una petroli. Asanteni sana, nimehangaika nao miezi.

#41 Gololi
Rizevu amepona kwa mabandiko matatu, mwenye uzi yuko bandiko la arobaini. MpandaPolepole, jina lako umelitendea haki.

#42 MpandaPolepole
Haha, polepole lakini nimefika mahali. Ripoti.

Nilipasua mipira ya zamani kama alivyosema dada. Nje ilikuwa na nyufa za kawaida, lakini ndani ndiko kulikonishtua. Bitana imekatika vipandevipande kama tope la bwawa lililokauka, na nikipitisha ukucha inadondoka magamba meusi. Nikafungua vikombe. Kulia kulikuwa na punje nyeusi tano au sita zimelala chini, moja imekaa karibu kabisa na kiti cha sindano. Kushoto hakukuwa na kitu.

Nimeweka mipira mipya ya R7, nimekata mfupi, mpira wa kulia sasa hauligusi kichwa cha silinda. Klampu za waya. Filta ya karatasi nimeitoa. Na jirani ana pikipiki ya aina ileile, kaniazima kifuniko cha tanki.

Nimeendesha dakika 40. Haijazima.

#43 Sindano
Hongera mkuu! Na zile punje nyeusi ni ushahidi wa pili. Mpira wa zamani ulipotolewa ulimwaga magamba upande wa kulia, yakaenda kukaa kwenye njia ya sindano. Ndiyo maana kulia kulikuwa 20.

#44 FundiWaZamani
Punje kwenye sindano kwa kawaida inaizuia isifunge, kabureta inafurika. Yeye hakufurika hata siku moja, alikosa mafuta. Na punje haijui kusubiri dakika tisa halafu ikajiondoa kwa dakika tano.

#45 Sindano
Ikiwa juu ya kiti, kabla ya sindano, inabana njia badala ya kuizuia kufunga. Mtiririko ukisimama inaelea, ukianza inarudi kukaa. Nimewahi kuikuta kabureta ya namna hiyo.

#46 Mkemia
Ninachosikitikia ni kwamba umebadilisha vitu vinne kwa siku moja: mpira, njia yake, filta na kifuniko, tena umesafisha vikombe. Sasa kila mmoja wetu ana haki ya kusema ni chake. Na leo kulikuwa na joto kama siku zile?

#47 MpandaPolepole
Kulikuwa na mawingu.

#48 Mkoba_wa_Spana
Basi hata mimi na mvuke wangu bado tupo.

#49 BintiGereji
Mimi sina upande. Mipira ile mibovu imetoka, haivuji, vikombe ni visafi. Nimelala vizuri kwa ajili yake.

#50 MpandaPolepole
Mkemia ana haki, na nataka kujua kweli. Kifuniko cha jirani lazima nikirudishe, nami sitaki kununua kingine kama changu ni kizima. Nitarudisha kimoja kimoja. Leo asubuhi nimeanza na filta: dakika 25, jua kali, haijazima.

#51 Mkoba_wa_Spana
Hapo nimepoteza sehemu kubwa ya kesi yangu. Ila itoe tu baadaye, weka ya wavu wa plastiki, ile ya mafuta yanayoshuka yenyewe bila pampu.

#52 MpandaPolepole
Nitafanya hivyo. Kesho narudisha kifuniko changu.

#53 FundiWaZamani
Jaza tanki mpaka juu kabla hujatoka, ili hewa iwe kidogo. Na safari hii ikizima, usipige simu wala usifungue koki. Kifuniko kwanza, masikio karibu.